Kwa nini yakitori huja kijiti kimoja kimoja

Ukiingia kwenye mgahawa mdogo wa yakitori, ile mishkaki ya kuku ya Kijapani, Tokyo au Osaka, mambo kadhaa yanaweza kukukera kabla hujatia kitu kinywani. Viti ni 8 au 10, vyote vimepangwa kwenye kaunta. Unawekewa kibakuli cha chakula ambacho hukukiagiza, na baadaye utakikuta kwenye bili. Orodha ina majina 20 na ushee, na karibu yote ni kuku. Unaagiza vijiti vitano, kinakuja kimoja. Unakimaliza kwa matonge manne, unakaa. Baada ya muda kinakuja cha pili. Mtu aliyezoea sinia la mishkaki linalotua mezani kwa mpigo mmoja, na ndizi na kachumbari pembeni, ana haki ya kujiuliza kama anachezewa.

Hachezewi. Karibu kila kinachomshangaza humo ndani kina sababu, na sababu zenyewe zinatoka kwenye vitu viwili: mkaa na kuku mwenyewe. Nitaanza na mkaa, kwa kuwa ndio unaoeleweka vibaya zaidi.

Migahawa inayojali kazi yake hutumia mkaa unaoitwa binchotan, na unaosifiwa kuliko wote hutoka Wakayama, mkoa ulio kusini mwa Osaka kwenye rasi ya Kii. Mti wake ni mwaloni wa aina ya ubame, mgumu, mzito, wenye kukua polepole. Simulizi ya huko inasema mkaa huo ulipata jina kwa mfanyabiashara wa mji wa Tanabe, Bitchuya Chozaemon, aliyekuwa akiuuza mwishoni mwa karne ya 17.

Tofauti yake iko kwenye namna unavyochomwa. Mkaa mweusi wa kawaida huiva tanurini, kisha tanuri huzibwa kabisa moto ufe wenyewe humo ndani. Binchotan hupita hatua moja zaidi. Kuni husimamishwa ndani ya tanuri la mawe na udongo, mlango huzibwa na kuachwa vitundu tu, na kazi huendelea kwa moto mdogo siku kadhaa. Mchoma mkaa hawezi kuona ndani, kwa hiyo huufuata moshi: rangi yake na harufu yake ndizo zinazomwambia kuni zimefikia wapi. Moshi ukishakuwa mwepesi, hufungua tundu kidogo kidogo aingize hewa, na joto hupanda mpaka kupita nyuzi 1000 za Selsiasi. Gesi na lami zilizokuwa zimebaki ndani ya kuni huungua zote. Kisha, mkaa ukiwa bado mwekundu, huuvuta nje kwa fimbo ndefu ya chuma na kuufukia kwenye mchanganyiko wa majivu na mchanga wenye unyevu. Majivu hayo huushika na kuuachia weupe, ndiyo maana Wajapani huuita mkaa mweupe.

Kinachobaki ni kaboni, zaidi ya asilimia 90. Ukigonga vipande viwili utasikia mlio wa chuma. Na kwa kuwa vitu vyote vinavyotoa moshi vilishaungua tanurini, jikoni mkaa huu hauna moshi wa kusumbua wala ndimi za moto. Unakaa mwekundu saa nyingi na kutoa joto kali la mionzi, linaloipiga nyama moja kwa moja na kuikausha juu haraka huku ndani ikibaki na maji yake.

Watu wengi husema binchotan ndio unaoipa yakitori ladha yake. Hapo ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Mkaa huu wenyewe karibu hauna harufu yoyote, na sifa yake ni hiyo hiyo. Harufu unayoisikia tangu mlangoni ni ya mafuta ya kuku: yanadondoka kwenye kaa, yanaungua papo hapo, na moshi wake unarudi juu kuivaa nyama. Mkaa wenye harufu yake ungegombana na hiyo. Lakini mafuta yakidondoka mengi kwa wakati mmoja, moto unalipuka, moshi unakuwa mchungu, na nyama inapata masizi. Kwa hiyo mchomaji anataka mafuta yadondoke, ila kwa kiasi. Sehemu kubwa ya ufundi wake ni kukilinda kiasi hicho.

Tatizo ni kwamba mkaa huu hauna kitufe. Kuuwasha tu ni kazi ya nusu saa au zaidi, na ukishashika huwezi kuuongeza au kuupunguza upendavyo. Mchomaji huupanga: upande huu ameurundika, upande ule ameutandaza mwembamba, kule mwisho ameacha kipande kimoja cha kuhifadhia joto. Mkono wa kulia una pepeo. Akipepea, hewa inaingia na kaa linang'aa, akiacha, linatulia. Ukikaa kaunta mtazame vizuri. Pepeo hilo wakati mwingine halichochei moto, linafukuza ule moshi mchungu usiifikie nyama. Anageuza vijiti kila mara, anabonyeza kwa kidole asikie ulaini, anasogeza kimoja upande wa joto na kingine pembeni, na hapo hapo anakumbuka nani ameagiza nini.

Jiko lenyewe ni sanduku refu na jembamba, na halina wavu. Kuna vyuma viwili tu vilivyolazwa, kimoja mbele kimoja nyuma, na kijiti kinavilalia kwa ncha zake. Nyama inabaki hewani, haigusi chuma, haigandi, na kishikio cha mwanzi kinakaa nje ya moto. Upana wa sanduku umelingana na urefu wa nyama kwenye kijiti. Ukiona hivyo utaelewa kwa nini viti ni vichache: mtu mmoja, sanduku moja, na kila kijiti kina muda wake. Ngozi inataka kukaa sana, mafuta yatoke yote na ibaki inavunjika mdomoni. Ini likipitiliza kidogo linageuka unga. Huwezi kuvitoa pamoja bila kuharibu kimojawapo, na kijiti kilichokaa kwenye sahani dakika tano kikisubiri wenzake kimeshapoteza nusu ya thamani yake. Ndiyo sababu kinakuja kimoja kimoja, na ndiyo sababu mwenye mgahawa hukunja uso akikuona unapiga picha mpaka kinapoa.

Sasa kuku. Yale majina 20 kwenye orodha ni ramani ya mwili wa ndege mmoja. Momo ni paja. Negima ni paja lililopishana na vipande vya kitunguu cha majani kinene, na ndicho kijiti ambacho kila mgahawa unacho. Sasami ni mnofu mwembamba wa ndani ya kidari. Tebasaki ni bawa. Kawa ni ngozi, mara nyingi ya shingo, iliyokunjwakunjwa. Seseri ni nyama ya shingo, yenye mafuta na ya kutafunika. Sunagimo ni firigisi, hatsu ni moyo, reba ni ini. Nankotsu ni gegedu, ama la kwenye ncha ya kidari au la goti. Bonjiri ni kile kinundu cha mkiani chenye mafuta. Tsukune ni nyama ya kusaga iliyofinyangwa, mara nyingi ikiwa na gegedu lililokatwakatwa ndani, na kwenye migahawa mingi huja na kiini cha yai bichi cha kuchovya.

Halafu kuna sehemu zinazoisha mapema. Kuku ana moyo mmoja, kwa hiyo kijiti kimoja cha hatsu kimekula kuku kadhaa. Kuna kijinyama cha mviringo kilichojificha kwenye kishimo cha mfupa karibu na nyonga, Wajapani huita soriresu kwa kuazima jina la Kifaransa. Kila kuku anavyo viwili tu. Kuna chochin, kiini cha yai ambalo halijatagwa, kikining'inia na kipande cha mrija wa uzazi. Mwenye mgahawa akikuambia kitu fulani kimeisha saa moja usiku, hakudanganyi. Ni hesabu ya kuku aliowapata asubuhi. Baadhi ya migahawa hununua kuku wazima na kuwakata wenyewe, na hapo idadi ya kila sehemu inajulikana kabla mlango haujafunguliwa.

Bei nayo inaanzia hapo. Kuku wa kisasa Japani huchinjwa akiwa na siku 50 hivi. Jidori, ambao kwetu tungewaweka upande wa kuku wa kienyeji, wana kanuni ya serikali: angalau nusu ya damu yao itoke kwenye aina za asili za Japani, wafugwe siku 75 au zaidi, na kuanzia siku ya 28 watembee ardhini, wasizidi 10 kwa kila mita moja ya mraba. Nagoya Cochin, Hinai-jidori wa Akita na Satsuma-jidori wa Kagoshima ndio wanaotajwa zaidi. Nyama yao ni ngumu kidogo na ina ladha nzito. Kijiti cha kuku wa kisasa kwenye vibanda vya kawaida unaweza kukipata kwa yeni 150 au 200. Cha jidori kwenye mgahawa wenye jina kinaweza kuwa mara mbili au tatu ya hapo. Ningekushauri usichague mgahawa kwa jina la kuku peke yake. Nimekula kuku wa kawaida aliyechomwa na mtu anayejua, na nimekula jidori aliyekaushwa mpaka akawa kamba. Kipimo changu ni ini. Mahali ambapo ini ni safi, halina uchungu, na limetolewa motoni kwa wakati wake, vijiti vingine navyo huwa salama.

Kati ya kuku na moto kuna kazi ya mchana ambayo mteja haioni: kutunga. Wapishi wa Japani wana msemo kwamba kutunga ni miaka mitatu, kuchoma ni maisha yote. Miaka mitatu ya kuchomeka nyama kwenye kijiti inaonekana kama kutia chumvi, mpaka ukitazame kijiti kwa karibu. Vipande vya kuelekea ncha ni vikubwa kidogo, vya kuelekea kishikio ni vidogo, kwa sababu upande wa kishikio, kingoni mwa jiko, joto ni hafifu na vyote vinatakiwa kuiva pamoja. Kijiti kimepita katikati kabisa ya kila kipande, kukata nyuzi za nyama, ili kikigeuzwa nyama isizunguke peke yake. Hakuna upenyo kati ya kipande na kipande, maana penye upenyo mwanzi unaungua na kukatika. Kijiti kizima ni gramu 30 au 40 tu za nyama. Mchomaji bora duniani hawezi kukiokoa kijiti kilichotungwa vibaya.

Utaulizwa: shio au tare? Shio ni chumvi. Tare ni mchuzi mzito wa soya, sukari, sake, yaani pombe ya mchele, na mirin, ambayo ni kileo kitamu cha mchele. Kijiti huchomwa kwanza, kikikaribia kuiva huchovywa kwenye chungu, kinarudi motoni, kinachovywa tena, na sukari inashika rangi. Kila kinapochovywa huacha mafuta na maji ya nyama humo chunguni, na mwenye mgahawa huongezea mchuzi mpya juu ya ule wa zamani badala ya kumwaga. Tare ya mgahawa wa miaka mingi ina ladha ambayo huwezi kuinunua dukani. Wengi hupendelea ini na tsukune kwa tare, na firigisi, sasami na ngozi kwa chumvi. Usipojua, mwachie mchomaji aamue. Wengine hata hawaulizi.

Kwa msomaji Mwislamu hapa pana jambo la kulijua kabla ya kuketi. Kuomba chumvi kunakuepusha na tare, lakini wapishi wengi hunyunyizia sake kwenye nyama hata ya chumvi, uchinjaji ni suala jingine, na jiko hilo hilo mara nyingi huchoma nyama ya nguruwe. Migahawa yenye vyeti vya halali ipo katika miji mikubwa, na inafaa kuitafuta mapema kuliko kuhojiana na mchomaji katikati ya kazi.

Chakula hiki hakikuanza na heshima kilichonacho leo. Mwaka 675 mfalme Tenmu alipiga marufuku, kwa miezi kadhaa ya kila mwaka, kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, na kwa karne nyingi baada ya hapo nyama ya wanyama wafugwao ilitazamwa vibaya. Waliochomwa kwenye vijiti zaidi walikuwa ndege wa porini, hata shomoro. Enzi ya Meiji ilipoanza, katika karne ya 19, kuku alikuwa nyama ya wenye nazo. Wachuuzi wa barabarani walichukua yale ambayo migahawa mikubwa ya kuku haikuyataka, matumbo, gegedu, mabaki ya mifupani, wakayatunga, wakayazamisha kwenye mchuzi mtamu wa kuficha harufu, wakayauza. Baada ya vita vya pili vya dunia vibanda vya namna hiyo vilijaa kwenye masoko ya magendo karibu na vituo vya treni, vingi vikichoma matumbo ya nguruwe. Vichochoro vya Omoide Yokocho pale Shinjuku ni mabaki ya wakati huo. Kuku alianza kuwa rahisi miaka ya 1960, ufugaji wa kuku wa kisasa ulipoenea, na ndipo yakitori ikawa chakula cha mfanyakazi anayetoka kazini. Baadaye wapishi wachache waliirudisha kwenye jidori na mkaa mzuri, hadi mwongozo wa migahawa wa Michelin ukaanza kuipa nyota migahawa kama Birdland ya Ginza. Kwa hiyo ini na gegedu unaloliona kama utaalamu wa hali ya juu lilianzia kwenye ufukara, na orodha ya sehemu zote za kuku ni urithi wa watu ambao hawakuwa na uwezo wa kutupa chochote.

Na usidhani kuna namna moja tu. Muroran, kaskazini katika Hokkaido, yakitori ni nyama ya nguruwe na kitunguu maji, huliwa na haradali. Imabari, kwenye kisiwa cha Shikoku, ngozi ya kuku hukandamizwa juu ya bamba la chuma, bila kijiti wala mkaa. Fukuoka utawekewa kabichi mbichi yenye siki tangu unapokaa.

Kibakuli kile ambacho hukukiagiza huitwa otoshi. Ni malipo ya kiti, kwa kawaida yeni 300 hadi 500, yaliyogeuzwa kuwa chakula cha kukushikilia wakati kijiti cha kwanza kikiwa motoni. Agiza kinywaji kwanza, kisha vijiti viwili au vitatu, kisha vingine. Mahali penye omakase huagizi kabisa: mchomaji anakuletea kwa mpangilio wake, na kwenye baadhi ya migahawa anaendelea mpaka umwambie basi. Kula kwenye kijiti chenyewe. Wapo wanaochomoa nyama zote kwa vijiti vya kulia ili wagawane, na nchini Japani jambo hili linabishaniwa kweli kweli, ila wenye migahawa wengi huumia wakiona hivyo: vipande vilipangwa kwa utaratibu, na vikichomolewa vinapoa mara moja. Ukimaliza, tia kijiti kwenye kopo lililo mbele yako.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Migahawa mingi hutoa sasami ikiwa nyeupe nje na mbichi ndani, na ini likiwa la waridi katikati. Wenyeji wengi hupenda, na Kagoshima na Miyazaki kuku mbichi ni chakula cha jadi. Lakini bakteria aina ya kampilobakta wamo kwenye utumbo wa kuku wazima wa afya, na ni miongoni mwa visababishi vikuu vya sumu ya chakula nchini Japani. Wizara ya afya ya huko inashauri kuku aive mpaka katikati, nyuzi 75 kwa dakika moja au zaidi. Kuku aliyechinjwa leo si salama zaidi kwa sababu tu ni wa leo. Mjamzito, mtoto, mzee na mgonjwa wasiguse kabisa. Kumwomba mchomaji aivishe zaidi si utovu wa adabu. Sema «yoku yaite kudasai», ataelewa.

Uliza pia kuhusu sigara. Sheria iliyoanza kutumika 2020 ilizuia kuvuta ndani ya migahawa, ila ikaacha mlango kwa vibanda vidogo vilivyokuwepo tayari, na mahali panaporuhusiwa kuvuta mtu wa chini ya miaka 20 haruhusiwi kuingia.

Mwishoni wengi huomba kitu cha kushibia: wali wenye nyama ya kuku na yai, au bakuli la supu ya mifupa iliyochemka mchana kutwa. Supu hiyo ni ya kuku wale wale uliowala, na mahali pengine hutolewa bure kwa aliyefika mwisho. Bili inajumlisha otoshi, vinywaji na vijiti. Bakshishi hawapokei.